Nakshi Aliyoiota Adventina

Yoba, Gitega
6 Machi 2023

Mama Faridi, shikamoo.

Nimefika salama, na cherehani uliyonipa imefika salama kunishinda. Dereva Kastori aliiviringisha blanketi, akaifunga juu ya gari, kila kona akawa anaipa pole. Mimi alinisahau huko nyuma kati ya magunia ya maharage. Ndiye atakayekuletea barua hii, maana kila wiki anapanda Muyinga na kushuka. Nimeshika ulivyoniambia: simu niiachie misiba na ugonjwa, mengine yote niandike, kwa sababu neno la simu mtu hawezi kulisoma mara ya pili.

Mwenye nyumba wangu anaitwa Emiliana, mjane, mtu wa kanisani. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikajikakamua nikasema mimi ni mbunifu wa mavazi. Akaangalia cherehani, akaangalia viatu vyangu, akasema, "Yaani fundi." Nikasema ndiyo, fundi. Amenipa chumba cha mbele chenye baraza inayotazama njia.

Asubuhi hapa ukungu unalala chini sana, watu wanapita huwaoni miguu. Nakaa barazani na chai yangu nawavalisha kichwani. Huyu namvua lile koti la mtumba, namfunga imvutano ya rangi ya jani changa la mgomba, fundo dogo begani, kitambaa kinaanguka mpaka kwenye kifundo cha mguu kama tunavyovaa siku za sherehe. Yule namtafutia nyekundu iliyopauka. Ukungu ukija kuinuka nimeshashona nguo kumi na uzi sijaugusa. Najua unacheka.

Miaka miwili iliyopita nilivuka mpaka wa Kobero na wazazi wangu, tunarudi kutoka Ngara, sijui Kirundi cha sokoni wala kushona zaidi ya kifungo. Baba alishika jembe, mimi ulinishika wewe ukanifundisha sindano. Sasa nina haja moja tu na naiandika ili usije ukasema sikukuambia. Nataka siku moja mtu amwone mwanamke anapita njiani, aseme bila kuuliza kwamba ile ni nguo ya Adventina.

Mwanao,
Adventina


Muyinga
20 Machi 2023

Marahaba, mwanangu Adventina.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na miwani. Mi niko muzima. Faridi naye muzima, ameandika toka Bujumbura, anataka viatu. Mvua iko inapiga, atelye yangu ya kushonea inavuja fasi ile ile, nimeweka ndoo.

Huyo Emiliana usimukasirikie. Fundi ni jina kubwa. Mi naitwa fundi miaka makumi tatu na sijapungua kilo.

Sasa sikia. Kuota ni bure, lakini mukasi haijui ndoto. Mutu akikuya kupimwa, usimusimamishe kimya na futi yako shingoni. Muongeleshe. Muulize habari ya mama yake, ya ukweni, ya jirani yule anamuchukia. Mutu akinyamaza anabana pumzi, na we unapima mutu mwingine. Akianza kuongea, kifua inapanda, tumbo inashuka, ndio unaona mwili ile ya kweli, ile ataenda nayo kwa sherehe kula, kucheka na kunyonyesha mutoto. Pima hapo hapo. Hiyo mama yangu alinipa, na mi nimekupa we. Chukua, ni yako.

Na kula. Fundi mwenye njaa anakata vibaya.

Zuena


Yoba, Gitega
2 Julai 2023

Mama Faridi, shikamoo.

Leo nina habari, kaa kwanza.

Kuna mwalimu wa Mushasha anaitwa Melania, anatolewa mahari. Alikuja kushonewa imvutano amesimama kama askari. Nikamuuliza habari za mama yake. Alianza polepole, akafika mahali mama yake alipouza mbuzi ili yeye arudi shule, akalia, akacheka, na mimi huku napima. Kifua kiliongezeka inchi nzima na nusu. Siku ya mahari alikula, akacheza ngoma mpaka shangazi zake wakachoka, na nguo haikumbana popote. Watu wamesema sana.

Lakini habari yenyewe si hiyo. Habari ni pindo. Nilitaka chini pawe na kitu ambacho hakuna mtu amekiona, nikakumbuka ndoto. Sikuwahi kukusimulia. Ilikuwa mwezi ule wa kwanza kwako, wa malaria, nilipolala siku sita kwenye godoro la atelye. Nikaota dirisha. Lilikuwa limejaa vitobo vidogo vya mwanga, vimepangwa: duara, katikati nyota ya pembe sita, halafu njia nyembamba inayokwenda kutafuta duara jingine. Dirisha lilikuwa linapanda na kushuka taratibu mbele ya uso wangu, nikapata amani kiasi kwamba niliogopa kupona.

Basi hiyo ndiyo nimeishona. Vitobo vya sindano, kimoja kimoja, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mzunguko mzima wa pindo. Melania akitembea, jua linapita katika vitobo linaandika chini, kwenye vumbi. Wanawake watatu wamekuja kuitaka. Nakutumia kipande cha majaribio ukione. Nimeiita Dirisha la Muyinga, kwa ajili yako.

Niambie ukweli, mama. Wewe ndiye jicho langu.

Adventina


Muyinga
15 Julai 2023

Marahaba, Adventina.

Nimepata kipande. Mushono ni safi, tobo ziko sawa sawa, uzi haujavutwa sana.

Huku jua kali. Maharage imekuwa muzuri mwaka huu. Bata ya jirani imeingia kwa atelye ikakula vifungo, tumecheka.

Fanya kazi vizuri.

Zuena


Muyinga
15 Julai 2023

Fatouma mudogo wangu, salamu nyingi kwako huko Kobero, na kwa wateja wako wa chai.

Iko kitu inanikaba na huku sina mutu wa kuambia. Unajua sisi kwetu. Mwanamke akiolewa anachora nakshi moja ya kofia ya bwana yake, anaishona na mkono yake mwenyewe. Haiuzwi, haikopeshwi, mutu wa nje haigusi. Mama alimushonea baba, we ulimushonea wako. Radjabu wangu alipokufa na gari pale njiani kati ya kwako na hapa, kofia yake mupya ilikuwa nusu. Unajua pia vile nafanyaka. Ijumaa, watu wakitoka musikitini, nafunga mlango nashona vitobo vitatu. Tatu tu, juu nikishona mingi itaisha, na ikiisha sitakuwa tena na kitu ya kumushonea.

Sasa yule musichana wangu, Adventina, alipokuwa na malaria, sikumuacha peke yake. Nilikaa karibu ya godoro. Ijumaa ikafika, homa iko juu, nikasema huyu hajui mbingu wala dunia, nikatoa kofia nikashona pale. Na unavyojua, kuhesabu vitobo lazima uinue kwa dirisha, mwanga ipite. Niliinua, nilishusha, niliinua.

Leo ameniletea ile nakshi yote. Duara, nyota, njia. Ameshona kwa pindo ya imvutano. Anasema ameota. Fatouma, kitu ya kichwa ya Radjabu iko inafagia vumbi ya Gitega, kwa miguu ya wanawake sijui hata majina yao.

Angekuwa ameiba ningemutukana mpaka Kastori asikie haya kubeba barua. Lakini mutu anaibaje akiwa na homa? Kama singemuhurumia siku ile nikaenda kushonea chumbani kwangu, haya hayangekuwa. Na tazama furaha yake. Ndio anaanza kutembea, mi nimukate mguu?

Radjabu anakuyaka kwa ndoto, unajua, kichwa wazi, hasemi kitu. Juzi amekuya anaangalia chini.

Nimemwandikia habari ya bata.

Zuena, mukubwa wako


Yoba, Gitega
19 Novemba 2023

Mama Faridi, shikamoo.

Barua zako zimekuwa fupi. Ya mwisho ilikuwa mistari mitatu, na miwili ni ya mvua. Nikisema labda una kazi nyingi, roho inakataa. Kama nimekosea, niambie.

Yangu ni mengi, hata mengine nayaogopa. Nimewavalisha maharusi kumi na mmoja tangu Julai, na wote wametaka pindo la vitobo. Nimeongeza cherehani ya pili, nimemchukua binti anaitwa Jeska, mkono wake mwepesi ila anapenda kuimba. Mwezi uliopita waliniita redioni. Walitaka kujua nakshi nimeitoa wapi, nikasema niliiota. Mtangazaji akasema nchi nzima sasa itakwenda kulala mapema. Je, ulinisikia? Nilitumaini redio ya duka la jirani yako ilikuwa imewashwa.

Sasa sikia kubwa. Tarehe ishirini Januari kuna maonesho ya mavazi hapa Gitega, nitapeleka imvutano ishirini na nne, zote zina pindo lile. Wamekuja pia watu wawili wa kiwanda cha vitambaa kutoka nje. Wanaitaka nakshi. Wataichapa kwa mashine, majora kwa majora, itauzwa mpaka Kigali, mpaka Dar, na pembeni ya kitambaa kila mita moja pataandikwa Adventina. Nasaini tarehe kumi na mbili Januari. Mtu wa Ngara, mtoto wa Josephat mwenye jembe.

Nataka ukae mbele siku ya maonesho. Nimekuwekea kiti.

Adventina


Kobero
10 Desemba 2023

Adventina,

Mi ni Fatouma, mudogo wa Zuena, yule uliwahi kunywa chai kwake siku mulivuka. Dada yangu hajui naandika, na akijua atanifunga mudomo na sindano. Lakini nimechoka kuona mutu mukubwa anakonda.

Ile nakshi hukuiota. Uliiona. Ni kofia ya marehemu Radjabu, bwana yake. Yeye ndiye aliichora siku aliolewa, na kwetu mwanamke hashonei mutu mwingine nakshi ya bwana yake, wala haionyeshi kabla haijaisha. Alikuwa anaishona pembeni ya godoro yako maana alikuogopea kufa. Hiyo dirisha yako ilikuwa mkono ya dada yangu.

Na redio alisikia. Alikuwa sokoni ananunua chumvi. Muuza chumvi akamwambia, Mama Faridi, si huyu ni mutoto wako, hongera. Akasema asante. Akarudi nyumbani, chumvi ameiacha pale.

Sikulaumu kwa homa. Ila umeweka kitu ya kichwa kwa mguu, halafu sasa unataka kuiuza kwa majora. Fanya unachojua.

Fatouma


Yoba, Gitega
17 Desemba 2023

Mama yangu,

Usimgombeze mama mdogo Fatouma. Ameniandikia.

Nilisoma barazani, nikaingia ndani nikajifungia. Jeska aliimba peke yake mpaka jioni. Nimelala chini sakafuni nikafumba macho kama siku zile, nikarudi kutafuta ile ndoto, na safari hii nilipofika dirishani nikaona vidole. Vina pete. Nikaona hata kovu lako la kuungua na pasi. Vilikuwepo siku zote na mimi niliviruka nikachukua mwanga tu.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nimemwambia Emiliana, kwa sababu lazima nimwambie mtu. Akasema, "Saini. Yeye ni mama wa Muyinga, hatakushtaki, na marehemu havai kofia." Alisema kwa upole, akaniletea uji. Na nitakuambia ukweli, kwa kuwa uongo nimeshasema wa kutosha bila kujua: nilimsikiliza. Nataka kusaini. Naitaka ile mita moja yenye jina langu. Naiwaza nikiamka, naiwaza nikifua. Bila nakshi hii watu wa kiwanda hawana haja na mimi, na sijui nguo zangu zitabaki nini mbele ya watu wa maonesho.

Lakini nimekaa na jambo moja, kwamba tangu Julai sijakuuliza. Nilikuonyesha, nilikutangazia, nilikualika. Kuuliza sikuuliza.

Sasa nakuuliza. Naomba unipe nakshi ya Radjabu. Ukikubali nitasema redioni ni ya nani, na sitaiweka chini tena. Ukikataa nitafumua nguo zote ishirini na nne kabla ya tarehe kumi na mbili, na wale nitawaambia warudi walikotoka. Sitakuuliza mara ya pili, wala sitakusema kwa mtu.

Nasubiri gari la Kastori kila siku.

Adventina


Muyinga
3 Januari 2024

Mwanangu,

Kastori alikawia na sikukuu. Barua yako nimeipata jana.

Hapana.

Siwezi. Nimejaribu kusema ndiyo. Nimeisema kwa sauti, peke yangu kwa atelye, nisikie vile inatoka. Ilitoka vibaya. Wakiipiga kwa mashini nitaiona kwa mapazia ya watu, nitaiona kwa shuka, siku moja nitaiona kwa kitambaa ya kufutia meza ya baa. Na kila fasi nitaona kichwa yake. Huyo bibi wa uji anasema marehemu havai kofia. Yeye mwambie mi ndio navaa, kwa moyo.

Lakini usijibebee kosa yote peke yako, nyingine ni yangu. Julai ulikuwa na nguo moja. Ningeongea siku ile, ungelia kidogo, ungefumua moja, tungemaliza. Mi nikajifanya mama mwema, nikakuandikia habari ya bata. Nikanyamaza, nikanyamaza, na we uko unashona, mpaka imekuwa ishirini na ine. Hiyo si wema, ni kiburi. Nilitaka ujue bila kuambiwa.

Na umeniuliza. Hapo umenigusa, siwezi kudanganya.

Jumamosi nakuya na Kastori. Naleta sindano na miwani. Kufumua vitobo ni kazi ya watu wawili, moja anashika, moja anakata, we peke yako utapasua. Usitupe kitu. Pamba ukiinyunyizia maji, ukaipiga pasi ya makaa ndani na nje, tundu inajifunga. Kitambaa inasahau, hatutapoteza hata moja.

Tayarisha makaa ya kutosha. Na huyo Jeska aimbe, mi napenda.

Zuena


Gitega
30 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Uliondoka baada ya maonesho haraka, Kastori alikuwa anapiga honi, na tangu hapo kazi imenimeza. Kuna mambo hukuyaona, leo nakuandikia.

Hukuona tarehe kumi na mbili, siku ya kusaini. Uliniuliza jioni imekwendaje, nikasema wamekwenda, ukaniwekea wali, ikawa basi. Ilikuwa hivi. Karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Nikawaambia nakshi ina mwenyewe na amekataa. Walishangaa kidogo tu. Yule mrefu akasema hakuna shida, nisogeze vitobo viwili, niongeze pembe moja kwenye nyota, itakuwa nyingine na hakuna wa kudai. Mama, nilitamani. Niliichukua kalamu, nikaichora pembe ya saba kwenye leso ya karatasi. Halafu nikakumbuka wiki ile yote tumekaa mkekani, wewe umeshika pindo na mimi nakata, magoti yako yanauma unayanyoosha, na hukunitupia neno moja baya. Nikaikunja leso nikaweka mfukoni. Wakamaliza soda zao wakaenda. Nililia chooni mwa hoteli, nikanawa, nikaja nyumbani.

Hukuona pia nyuma ya pazia siku ya maonesho. Nguo za wabunifu wenzangu zilikuwa za kuua, nakiri, na yule Nazario aliyeshika nafasi ya kwanza alistahili. Lakini wasichana wake walikuwa wamesimama ukutani toka asubuhi, nguo zinawabana hawawezi kukaa, mmoja alizirai. Wangu, Melania na walimu wenzake na akina mama wa Yoba, walikuwa wamekaa kwenye magunia wanakula mishikaki, mmoja ananyonyesha. Pindo tupu, hakuna hata kitobo. Wakaitwa, wakafuta midomo, wakaingia. Mimi nilipewa makofi na cheti cha kushiriki. Nilijua ndiyo mwisho wangu.

Jumatatu walikuja watu wanne. Jumanne tisa. Hawakuuliza pindo. Waliuliza kama ni hapa mtu anashonewa nguo ya kukaa nayo. Sasa nina cherehani sita na duka karibu na soko, Jeska ndiye mkubwa wa wenzake, na watu wanapaita kwa Muongeleshaji, kwa sababu mtu haingii akapimwa kabla hajasimulia. Wengine hawana hata nguo ya kushona, wanakuja kusimulia. Agosti naitwa Bujumbura, Novemba naitwa Dar. Wiki iliyopita mama mmoja alipita mbele ya duka, wanawake wawili nyuma yake wakasema ile ni ya Adventina, ona anavyopumua. Niliingia stoo nikakaa juu ya majora.

Redioni nilirudi kama nilivyotaka. Nilisema sikuiota, niliiona kwa mtu, na nikaishia hapo. Jina sikulitaja, lako wala la marehemu.

Sasa swali. Melania amenisimulia kitu juzi tu, ameambiwa na aliyekuwa mlangoni siku ya maonesho. Anasema walikuuliza wewe ni nani, ukasema wewe ni mama wa mwenye nguo. Hukusema mwalimu wake. Hukusema Mama Faridi. Nimelifikiria neno hili siku tatu, sindano imenidunga mara mbili. Je, ni kweli ulisema?

Adventina


Muyinga
14 Julai 2024

Marahaba, Adventina.

Barua yako imenifikia, na kitambaa ya bluu ulinitumia imefika, asante, iko muzuri sana, nitaikata nikipata nguvu. Hiyo ya pembe ya saba umefanya vizuri kuniambia. Hiyo leso uchome moto.

Bon, haya, sasa uko unaniuliza kitu ya mlango. Pale mlangoni wazazi walikuwa wanaingia bure na wengine wanalipa. Ungetaka niseme nini?

Nikaingia, nikakaa kwa kiti ile umeniwekea. Basi bibi moja pembeni yangu, amevaa dhahabu, akaona vile naangalia nguo zako, akaniuliza kama ni mi nimekuzaa. Kiti nilikuwa nimeshapata, hakuna mutu angenitoa. Nikasema ndiyo.

Toka Januari niko nawaza hiyo "ndiyo" ya pili. Ya kwanza naweza kusema ni ujanja. Ya pili hapana.

Sasa sikia, na usome na akili, juu siandiki mara mbili. Kwetu nakshi haiuzwi, haikopeshwi, mutu wa nje haigusi. Lakini ya mama inabaki kwa binti. Radjabu na mi tulipata Faridi peke yake, na Faridi hata kifungo hawezi. Nilikukatalia, na leo bado nakukatalia, na mwaka kesho nitakukatalia. Nitakukatalia mpaka siku watanitoa hapa wamenibeba. Kutoka siku hiyo ni yako, na hakuna mutu atakuuliza. Utaishona juu, kwa kilemba, mbali na mguu. Nimemwandikia Fatouma, yeye ndiye shahidi, ameanza kulia mbele ya wateja.

Ila usikuwe na haraka. Mi niko muzima, na mama yangu alifika miaka makumi tisa.

Mama yako,
Zuena